Kishimo Juu ya Jicho la Sultani

Isakwisa alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko kimo chake, na kazi yake ilikuwa usaisi. Kama hujui saisi ni nani, ni mtu anayemtunza farasi wa mtu mwingine: anampiga brashi, anamlisha, anamwogesha, anamtembeza, kisha anamkabidhi kwa mwenyewe ili mwenyewe apigwe picha naye. Mimi nilikuwa dereva wa lori katika shamba hilohilo, juu ya Iyunga, na sitaficha kwamba nilimwonea wivu. Gari langu nililiosha mara moja kwa juma, tena kwa shingo upande. Yeye farasi wake alimsugua mara mbili kwa siku, na alikuwa akimwimbia.

Jina langu Silvester, Mhehe wa Iringa. Naandika haya kwa sababu habari ya Isakwisa na yule farasi bado inasimuliwa vilabuni, na kila anayeisimulia anaiharibu. Wengine wanasema alirukwa na akili. Wengine, hasa wale ambao hawakuwepo, wanasema alifanya vile kwa ajili ya siasa, kumkomoa Mzungu. Uongo mtupu. Siasa Isakwisa hakuijua, alijua wanyama. Mimi nilikuwepo, na nilikuwepo kuliko ninavyopenda.

Alizaliwa Rungwe, mtoto wa mtu mwenye ng'ombe. Kwao ng'ombe hachungwi tu, anatunzwa. Anasuguliwa majivu mwili mzima mpaka manyoya yalale na kung'aa, na mtu mzima haoni haya kusimama nusu siku akimpapasa fahali wake shingoni. Alipokuwa kijana alikwenda Chunya wakati wa dhahabu, kama vijana wengi wa kwao. Dhahabu hakuiona. Alipata kazi kwa Kaburu mmoja mtafuta dhahabu aliyekuwa na farasi wawili, na huko ndiko alikojifunza farasi, na ndiko alikoona wanavyokufa. Masika moja wote wawili walikwisha ndani ya juma moja.

"Farasi hafi kama ng'ombe, mdogo wangu," aliniambia mara nyingi. "Ng'ombe anakuaga. Farasi asubuhi anakula, mchana umepata mzoga."

Alinionyesha dalili yenyewe. Juu ya kila jicho la farasi kuna kishimo, mahali ambapo ukiweka dole gumba linatulia. Ugonjwa ule ukiingia, kishimo kinajaa. Kinajaa mpaka kinavimba nje, na baada ya hapo huna la kufanya. Watu wa mifugo walikuwa na sindano yake, na farasi wetu alichomwa, lakini hata wao walisema sindano si ngao ya kutosha. Kinga yenyewe hasa ilikuwa saa. Ugonjwa unaletwa na visubi vya jioni, vidogo hata huvioni. Kwa hiyo farasi anatoka nje umande ukishakauka, na saa kumi na moja jioni awe bandani, mlango umefungwa, moshi unafuka nje. Amri hiyo ilikuwa imeandikwa kwa chokaa kwenye ubao wa banda. Isakwisa hakujua kusoma, lakini hakuna siku niliyomwona akiivunja, isipokuwa moja.

Mwenye shamba tulimwita Bwana Kengele, kwa sababu alitugongea kengele ya kazi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kila alfajiri, hata Jumapili alipojisahau. Hakuwa mtu mbaya kupita wengine. Alikuwa na kahawa, ng'ombe wa maziwa, na binti mmoja, Misi Jeni, wa miaka kumi na mitano, aliyesoma bweni karibu na Iringa. Mwaka 1952 alimnunulia binti huyo farasi mwekundu mwenye baka jeupe usoni, jina lake Sultani. Farasi jeuri! Alimng'ata mpishi, akamng'ata karani, mimi alinikosa kwa inchi moja. Watu wawili tu duniani aliwakubali, Misi Jeni na Isakwisa.

Kila mwaka, mwezi wa tano, Wazungu wa nyanda zetu walikusanyika Iringa kwa maonyesho ya mifugo, na siku ya mwisho farasi walishindana kuruka viunzi. Mwaka 1954 Misi Jeni alishika nafasi ya pili. Bwana Kengele alirudi Mbeya amenuna maili zote mia mbili na ushee, na tangu siku hiyo shamba zima likawa linaishi kwa ajili ya mwezi wa tano mwingine. Isakwisa akakata mikaratusi, akatengeneza viunzi uwanjani nyuma ya banda, na akawa anamrusha Sultani yeye mwenyewe, miguu mifupi imebana mbavu za mnyama, kofia imeanguka mgongoni. Alimpimia chakula kwa kikombe. Alimpaka mafuta kwato. Na kila asubuhi, kabla ya brashi, alimsugua majivu, kama fahali wa baba yake. Mara ya kwanza Bwana Kengele alicheka mpaka akashika ukuta. Mara ya pili akamgusa farasi, akaona anavyong'aa, akaagiza jikoni majivu yasitupwe tena.

Basi, siku kumi kabla ya mashindano ya mwaka 1955, siku ya Jumatano, ikaja habari kwamba Lutengano amefariki kule Igawilo. Lutengano alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Isakwisa. Walikuwa wamegombana miezi mitatu iliyopita kwa ajili ya mtamba mmoja, wakatoleana maneno makali mbele za watu, na sasa mmoja wao amekufa ghafla, kwa homa ya siku mbili.

Sisi wa Iringa mtu akikosa mazishi tunamwona hana adabu. Kwa akina Isakwisa ni zaidi ya hapo. Kama uligombana na marehemu na mazishini hukuonekana, watu hawasemi huna adabu. Wanasema ulimuua, na unaogopa kulitazama kaburi. Utaishi na jambo hilo wewe, na mkeo kisimani, na wanao.

Asubuhi hiyo Isakwisa alikwenda kuomba ruhusa. Nilikuwa napakia madebe ya maziwa, nikasikia.

"Huyo baba yako?" Bwana Kengele aliuliza.

"Ndugu yangu, Bwana. Mtoto wa baba mdogo."

"Nyinyi iko na ndugu mingi sana. Ruhusa hapana, mpaka farasi nashinda. Nasikia?"

"Nasikia, Bwana."

Saa nne Bwana Kengele akaondoka na gari lake dogo kwenda mjini kwenye mkutano, arudi usiku. Isakwisa akaja kwangu. Sijapata kumwona mtu mzima ametahayari vile.

"Silvester, unapeleka maziwa mjini. Nifikishe Igawilo, mdogo wangu. Nitupe udongo tu, nionekane. Saa tisa unipitie, saa kumi na nusu tuwe hapa. Sultani simfungi mchana huu, karani ataona na kuuliza. Nikirudi ndiyo namwingiza, kama kila siku."

"Na asipoingia?"

"Ataingia. Wewe usichelewe tu."

Nilikubali. Lori halikuwa na ruhusa ya kwenda mbele ya mji, lakini mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita na niliona ruhusa ni mambo ya waoga. Nikamfikisha Igawilo. Alishuka akavua kofia, na kabla sijageuza gari nikasikia wanawake wakimlilia Lutengano kwa jina, na ngoma ya msiba.

Sasa sikiliza nilichofanya. Pale Uyole alikuwepo msichana anaitwa Esta. Leo ni mama wa watoto wangu, na hata yeye hajui ninachoandika hapa. Mama yake alikuwa na magunia ya viazi ya kupeleka sokoni, na mimi nikajitia ukarimu. Nikawapakia. Nikawashusha sokoni, nikawangoja, nikanywa chai, nikajisifu kidogo kuhusu lori kama vile ni la baba yangu. Nilipotazama jua lilikuwa limekwenda. Nilimfikia Isakwisa saa kumi na mbili kasoro. Alikuwa amesimama barabarani peke yake, udongo wa kaburi kwenye magoti. Hakunitukana. Alipanda, akasema, "Kanyaga."

Tulifika shambani saa moja, giza limeshuka. Sultani alikuwa amesimama langoni pa malisho, kichwa juu ya boriti, analia. Isakwisa aliruka kabla gari halijasimama. Nilimwona kwenye mwanga wa taa za lori akimpapasa shingo, masikio, tumbo, akiua visubi kwa viganja vyake, paa, paa, paa, huku midomo yake inasema kitu ambacho sikukisikia.

"Siku moja tu," nilimwambia baadaye. "Siku moja haiui."

"Huenda."

"Na nyamaza, kaka. Ukisema umekwisha, na mimi nimekwisha na lori langu. Nani ametuona? Hakuna."

Kila asubuhi kwa juma zima niliona akiweka dole gumba juu ya jicho la Sultani, upande huu, kisha upande wa pili, na kila asubuhi lilitulia. Siku ya sita akaanza kuimba tena, taratibu. Mimi nikasema moyoni tumepona, nikasahau. Mimi ni mwepesi wa kusahau yanayonihusu.

Alhamisi tuliondoka. Tulitandika nyasi nene kwenye lori, tukazungushia mbao, na Isakwisa akasimama nyuma na farasi wake njia nzima. Bwana Kengele alitangulia na gari dogo. Tulipita Igawa, vumbi jekundu limetufunika kope, tukalala Makambako, tukaondoka alfajiri na baridi ile ya Sao Hill inayopasua midomo. Kila niliposimama kutia maji kwenye rejeta nilikwenda nyuma kutazama. Makambako Sultani alikula vizuri. Baada ya Mafinga aliacha nusu ya pumba zake.

"Amechoka na gari," nilisema.

"Pumzi yake ina moto," alisema Isakwisa.

"Amechoka na gari, kaka. Hata mimi pumzi yangu ina moto."

Nilikuwa nataka acheke. Hakucheka.

Tulifika Iringa Ijumaa jioni. Kwangu ilikuwa furaha, ni nyumbani. Nikapita sokoni, nikasalimiwa kamwene huku na huku, nikala kwa shangazi. Niliporudi uwanjani asubuhi ya Jumamosi, jua limeshatoka, nilimkuta Isakwisa ameshamwogesha Sultani, ameshamsugua, na sasa yuko juu ya debe anamsuka singa za shingo kwa uzi mweupe, vifundo vidogovidogo, sawasawa, vyote vya urefu mmoja. Farasi alikuwa anang'aa. Wazungu wawili walikuwa wamesimama pembeni wanamwangalia kwa husuda. Nikasema, haya, kombe letu hili.

Isakwisa alifunga kifundo cha mwisho, akashuka. Akaniita kwa kidole. Akanishika mkono, akachukua dole gumba langu, akaliweka juu ya jicho la Sultani.

Halikutulia. Pale palipokuwa na kishimo palikuwa pamejaa, laini, kama unga uliokandwa.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Jana usiku kilikuwa nusu. Sasa hivi kimejaa. Akirushwa leo ataanguka, Silvester. Moyo utakatika katikati ya kiunzi, na mtoto yuko juu yake."

Nilitazama uwanja. Viunzi vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe na nyekundu, magogo mazito, cha mwisho kimefika kifuani kwangu. Nilimwona Misi Jeni anakuja, amevaa kofia ngumu nyeusi, anakimbia, kwa sababu hakuwa amemwona farasi wake tangu likizo. Alimkumbatia Sultani shingoni. Akamwambia Isakwisa, "Ugonile," kwa sauti nyembamba, maana Isakwisa ndiye aliyemfundisha kusalimu Kinyakyusa. Naye akamjibu. Nyuma yake akaja Bwana Kengele na fimbo yake ya kupandia.

"Bwana," alisema Isakwisa, "farasi mgonjwa. Leo asiruke."

Bwana Kengele alimzunguka Sultani mara moja. Akamgusa mgongo, akamgusa miguu. Isakwisa akamwonyesha juu ya jicho. Bwana akapabonyeza.

"Hii nyama tu. Wewe nalisha yeye sana."

"Si nyama, Bwana. Ni ule ugonjwa. Niliuona Chunya."

"Ile ugonjwa nakuja kwa farasi nalala nje. Farasi yangu nalala ndani. Sindano napata. Iko gonjwa namna gani?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na Isakwisa aliuona kabla yangu. Jicho la farasi peke yake halikutosha. Ili aaminiwe ilibidi aseme kosa lake, na akilisema amejifukuza kazi. Mkewe Tupokigwe alikuwa amejifungua mtoto wa nne mwezi ule ule, katika chumba cha shamba.

"Jumatano ya mazishi alikaa nje mpaka giza, Bwana. Nilikwenda Igawilo bila ruhusa yako. Nilikwenda kwa miguu, nikachelewa kurudi. Kosa langu."

Kwa miguu, alisema. Maili zaidi ya kumi kwenda na kumi kurudi, kwa miguu, ili jina langu lisitajwe. Nilimsikia vizuri kabisa. Bwana Kengele naye alisikia, na uso wake ukabadilika, nikaona ameanza kuamini. Kisha akanigeukia mimi.

"Silvester. Jumatano ile wewe narudi na gari saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, Bwana."

"Farasi iko wapi?"

Misi Jeni alikuwa ananitazama. Isakwisa alikuwa anatazama chini. Nilijua kwamba nikisema nje, swali litakalofuata ni kwa nini sikumwambia, na baada ya hapo lori lilikuwa wapi, na karani ataulizwa, na lori litakabidhiwa mtu mwingine. Haya yote yalipita kichwani kwa nukta moja. Na nilijidanganya pia kwamba namsaidia yeye: ameropoka, mimi nitamrudishia kazi yake, na farasi huenda akapona.

"Bandani, Bwana," nilisema. "Nilimwona bandani."

Mtu anayetaka kuamini jambo huhitaji msukumo mdogo tu. Bwana Kengele alipumua. Halafu akamgeukia Isakwisa kwa hasira ya mtu aliyetishwa bure.

"Wewe nasema uongo. Nani napa wewe pesa? Yule bwana nashinda mwaka jana? Kaza mkanda, toka hapa!"

Isakwisa aliinua macho akanitazama. Ningependa kusema yalikuwa macho ya hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayehesabu watu waliobaki upande wake, akakuta hakuna. Kipaza sauti kilianza kuita majina. Misi Jeni aliweka mguu kwenye kikuku, kile chuma cha kupandia. Isakwisa akainama chini ya tumbo la Sultani, kama alivyoagizwa, kukaza mkanda wa tandiko. Alikuwa na kisu kidogo cha kukatia uzi wa singa. Akakata mkanda.

Aliukata wote, kwa mpigo mmoja, kisha akakata na mikanda ya vikuku, upesi upesi, tandiko likaporomoka na binti akaanguka nalo chini, juu ya nyasi, salama, amekaa kitako kwa mshangao. Tandiko lile lilitoka Ulaya. Uwanja mzima halikuwepo jingine la kumtosha Sultani, maana mgongo wake ulikuwa mpana.

Bwana Kengele alimpiga kwa fimbo, mara mbili usoni, sijui ngapi mabegani. Isakwisa hakuinua mkono. Alidondosha kisu, akasimama ameshika hatamu, na damu ikamtiririkia kwenye kidevu, mpaka askari wawili walipokuja kumchukua. Alipokuwa anaondolewa Sultani alivuta kumfuata, ikabidi mimi nimshike, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakutaka kuning'ata. Kichwa kilikuwa kizito. Kipaza sauti kiliita jina la Sultani mara mbili, halafu kikaita la mwingine.

Saa nane mchana, wakati kombe linatolewa, Sultani alianza kukohoa. Povu likamtoka puani, jeupe, jingi, likazidi kutoka kama sabuni ndani ya karai, likawachafua mikono wote waliomshika. Alipiga magoti, akalala ubavu. Misi Jeni alimshika kichwa na kulia, akimwita Isakwisa, si baba yake. Haikuchukua nusu saa. Vifundo vya shingoni vilikuwa bado havijafunguka hata kimoja.

Bwana Kengele aliniangalia. Nilingoja aniulize tena ile saa, na nilikuwa nimeamua, nawaapia, nilikuwa nimeamua kusema. Hakuniuliza. Hakuniuliza siku hiyo wala siku nyingine. Angeniuliza, ingembidi aende polisi akamwombe radhi saisi wake mbele ya watu, na hilo lilimshinda. Kwa hiyo tulibaki sisi wawili, mimi na yeye, kila mmoja amemshikia mwenzake uongo.

Mzoga wa namna ile haukuachwa wala kuliwa. Watu wa mifugo waliamuru uzikwe chini sana, nyuma ya uwanja. Tulichimba watu sita, udongo mgumu wa masika yanayoisha, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Isakwisa walimwachia Jumatatu. Kesi haikufunguliwa, lakini kazi ilikuwa imekwisha, na Bwana Kengele alimkataza kupanda lori lake. Nilirudi Mbeya na nyasi tupu nyuma. Tupokigwe alikuwa langoni na mtoto mgongoni, akaniuliza, "Shemeji, mwenzio yuko wapi?" Nikamwambia amepata shida kidogo, anakuja. Alikuja siku ya tisa, kwa miguu na kwa kudandia magari ya watu, makovu mawili shavuni. Alimchukua mkewe, watoto, na mkungu wa ndizi waliopewa na majirani, wakaenda Rungwe. Mimi niliendesha lori lile miaka mitatu zaidi, na kila nilipowasha moto nilijisikia mwizi.

Mwaka 1959, baada ya kuacha kazi pale, nilimfuata. Nilikuwa nimepanga kusema kila kitu, mbele ya mkewe, ili angalau nyumbani kwake ajulikane. Nilimkuta zizini, ana ng'ombe watatu, mikono imejaa majivu. Alinikaribisha kwa furaha ambayo sikuistahili. Tuliongea mvua, kahawa, watoto. Nikasema, "Kaka, siku ile Iringa..."

"Mlimzika wapi?" alinikata.

"Nyuma ya uwanja. Penye mikaratusi."

"Shimo refu?"

"Refu. Fisi hawakumfikia."

"Nani walichimba?"

"Tulikuwa sita."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilishika sepetu mpaka mwisho."

Alimpapasa ng'ombe mgongoni kwa muda, majivu yakidondoka.

"Vizuri," alisema. "Wewe ulifika mazishini. Mimi sikufika."

Nikaelewa anachosema. Nilikumbuka desturi yao, kwamba asiyeonekana mazishini ndiye aliyeua, nikaona jinsi alivyoipanga hesabu miaka yote minne: kwa desturi ya watu wake mimi nilikuwa safi, na muuaji wa Sultani ni yeye. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni mimi, ni viazi vya Uyole, ni saa kumi na moja niliyoitaja kwa mdomo wangu.

Tupokigwe alitokea na kibuyu cha maziwa. Alipiga goti akanipa kwa mikono miwili, akasema anashukuru kwamba nimekuja kumtazama rafiki yangu, kwa sababu wengine wote wa shambani walimtupa. Nikamtazama Isakwisa. Alikuwa ameshageuka, anamsugua ng'ombe. Nikapokea maziwa, nikamshukuru kwa lugha yao, ndaga, nikanywa.